Kila asubuhi darasa langu la chekechea ni vurugu, nianzeje siku na watoto hawa?

BARUA

Shikamoo Mama Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Arusha, upande wa Sakina, kwenye shule binafsi ya inglishi midiamu. Nina watoto 38 wa miaka minne hadi mitano, na dada mmoja wa kunisaidia. Nakuandikia kwa sababu ikifika saa tatu asubuhi mimi nimeshachoka, sauti imekauka, na bado sijafundisha chochote.

Ngoja nikueleze asubuhi yetu ilivyo. Gari la kwanza la shule linashusha watoto saa moja kasoro. Hao wanatoka mbali, wengine Ngaramtoni huko, na wanaamshwa saa kumi na moja alfajiri. Gari la pili linafika saa mbili na dakika kumi, na likikwama kwenye foleni ni saa mbili na nusu. Katikati hapo wanaletwa wengine kwa miguu, kwa bodaboda, kwa bajaji. Saa moja na nusu kengele inagongwa, wote tunatoka paredi pamoja na darasa la kwanza hadi la saba: mchakamchaka, wimbo wa Taifa, matangazo, kisha ukaguzi wa kucha na soksi. Unajua Arusha ilivyo mwezi huu wa saba, ukungu umeshuka, mlima hauonekani, na watoto wangu wadogo wamesimama pale wanatetemeka. Mwenye kucha ndefu anatolewa mbele. Tukirudi darasani nusu wanalia, nusu wanasukumana.

Kuna semina nilihudhuria tukaambiwa tuanze siku kwa mduara wa asubuhi: watoto wakae mkekani, watulie, wasalimiane, ndipo masomo yaanze. Nilipenda sana. Nikaupanga hivi: sala, salamu, mahudhurio, siku na tarehe, hali ya hewa, kuhesabu tupo wangapi, wimbo, herufi ya wiki, halafu kila mtoto anaeleza habari za nyumbani. Mama, nikifika kwa mtoto wa kumi hivi mduara umeshavunjika. Wengine wamelala, wengine wanavutana nywele, wengine wanagombania kukaa karibu na mimi.

Na wapo wawili wananitesa zaidi. Mmoja hakai kabisa. Anazunguka nyuma ya wenzake, ukimshika mkono anaingia chini ya meza. Mwingine ana miaka minne, alianza tulipofungua shule mwezi huu. Mama yake anamleta hadi getini, anasubiri ageuke kidogo, kisha anapotea. Mtoto akigundua analia mpaka saa nne, na akilia yeye wanafuata wengine watatu wanne. Dada msaidizi anashika fimbo, anasema ni ya kuwaonyesha tu.

Meneja wa shule amepita mara kadhaa akatukuta tumekaa chini, akaniita ofisini. Anasema wazazi wanalipa ada ili waone kazi kwenye daftari, siyo watoto wakae mkekani wanaimba. Amenipa mpaka likizo fupi ya mwezi wa tisa nibadilike.

Naomba ushauri wako. Niuache mduara, watoto wakiingia tu niwape madaftari? Na kama niendelee, nifanyeje na hao wawili? Na meneja nimwambie nini?

Mwalimu wa chekechea, Sakina

JIBU

Marahaba mwanangu.

Usiuache. Ila uupunguze sana. Umeweka mambo tisa kwenye mduara mmoja, na hilo la tisa peke yake linatosha kuuvunja. Watoto 38 kila mmoja akieleza habari za nyumbani kwa dakika moja tu, wa mwisho amesubiri zaidi ya nusu saa. Mtoto wa miaka minne hawezi kusubiri hivyo, hata awe mpole namna gani, hata alelewe vizuri kiasi gani. Kwa hiyo mduara ukivunjika kwa mtoto wa kumi, usitafute mkorofi. Ni mrefu mno.

Tarehe, hali ya hewa, kuhesabu na herufi ya wiki vipelekwe kwenye vipindi vyake. Ni mambo mazuri, lakini ni masomo. Mduara wa asubuhi una kazi nyingine: mtoto afike. Huyu aliyeshuka kwenye gari saa moja kasoro mwili wake uko darasani, ila yeye mwenyewe bado yuko getini na mama yake, au bado ana usingizi wa kitandani, au ana hasira na aliyemkanyaga kwenye gari. Anahitaji dakika chache za kujua kwamba yupo hapa, mwalimu amemwona, wenzake wanamjua kwa jina, na hakuna la kuogopa. Akishajua hivyo utamfundisha unachotaka. Asipojua, utakuwa unapiga kelele juu ya kelele, na ndiyo maana koo lako linakauka kabla ya saa tatu.

Sasa, utulivu wa mkekani hauanzii mkekani. Nianze na usingizi, maana nadhani hapa ndipo penye shida kubwa kuliko unavyofikiri. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa miaka mitatu hadi minne anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, ukijumlisha na ule wa mchana. Piga hesabu mwenyewe. Mtoto wa Ngaramtoni anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri, ili apate saa 10 za usiku inabidi awe amelala saa moja jioni. Saa moja jioni nyumba zetu chakula bado kiko jikoni na baba yuko njiani. Wengi wanalala saa tatu, saa nne, na darasani wanalala dakika chache kwenye meza kama shule inaruhusu. Kwa hiyo wale wanaolala kwenye mduara wako usiwainue. Wageuze vizuri, wafunike na sweta, endelea na wengine. Na mkutano wa wazazi ukifika, zungumza na wazazi wa gari la kwanza kuhusu saa ya kulala kabla hujagusa suala la daftari.

Halafu uji. Hukutaja mnakunywa saa ngapi, ila shule nyingi ni saa nne. Aliyeondoka nyumbani gizani amekunywa chai kidogo akiwa nusu usingizini, wengine hata hiyo hawakuipata. Kaa na mama mpishi. Yeye anawasha jiko mapema hata hivyo. Mwombe nusu kikombe cha uji kwa watoto wa gari la kwanza kwenye saa moja na robo, wale wengine waendelee na saa nne yao. Mtoto mwenye njaa na baridi hatulizwi kwa wimbo.

Na paredi. Mchakamchaka una faida kwa wakubwa, wanapata joto na kuchangamka. Lakini mtoto wa miaka minne akisimama nusu saa kwenye ukungu wa Julai akisikiliza matangazo ya mtihani wa darasa la saba hapati chochote. Omba chekechea waende paredi siku ya Jumatatu tu, wakae mbele, wimbo wa Taifa ukiisha waingie ndani. Ukaguzi wa kucha usiufanye asubuhi kabisa. Ufanye wakati wa kunawa mikono kabla ya uji wa saa nne, mtoto mmoja mmoja, ukiwa na kikata kucha mfukoni. Ukiona ndefu, unakata, mnacheka, basi. Hakuna mtoto wa umri huo anayejikata kucha mwenyewe. Anayetolewa mbele ya shule nzima anaadhibiwa kwa kazi ya mama yake au dada wa nyumbani, na ile aibu anaibeba mpaka mchana.

Tuje darasani. Watoto wakifika mmoja mmoja wasikute darasa tupu la kukimbizana. Weka mezani vitu vya kufanya kimya kimya: vizibo vya soda vya kupanga kwa rangi, vipande vya mbao vya kujengea, unga wa ngano uliokandwa kwa chumvi, picha za kukatwa mara mbili ili waunganishe. (Maharage achana nayo. Wengi tunayapenda kwa sababu ni rahisi kupata, lakini yanaishia puani na masikioni.) Wewe kaa karibu na mlango kwenye kiti kifupi. Kila anayeingia msalimie macho kwa macho, kwa jina, kwa lugha anayoielewa. Kama nyumbani wanaongea Kiarusha au Kimeru na wewe unajua neno moja la salamu, litumie. Kiingereza cha shule kitawakuta tu, hakiendi popote.

Kuwaita mkekani usitumie kengele ya shule wala kupiga makofi. Nenda gulio la Ngaramtoni ukatafute kakengele kadogo wanakowafunga mbuzi shingoni. Katikise mara moja, kisha keti mkekani uanze kuvumisha wimbo kwa midomo iliyofungwa, bila maneno. Hata asije mtu, endelea. Watakuja wawili, watano, kisha wote, kila mmoja akiuvumisha anapokaa. Siku za kwanza watachukua muda. Usiinue sauti kuwaharakisha, kwa sababu kelele yako itafuta kile kakengele kalichofanya.

Huo mkeka nao uutazame. Sakafu ya saruji ya Arusha mwezi wa saba inapitisha baridi kwenye mkeka mwembamba kama haupo, na mtoto anayesikia baridi makalioni hawezi kutulia, atainuka tu. Omba maboksi dukani, yale makubwa ya sabuni au ya mafuta, yapasue, yatandike chini ya mkeka. Yakilowa unatupa, unaomba mengine.

Kaeni miduara miwili. Kiwango cha nchi yetu kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, nanyi mko 38, hivyo mduara mmoja ni mkubwa kupita kiasi. Wewe chukua 19, dada achukue 19, pembe mbili tofauti za darasa au mmoja barazani kukiwa na jua. Mwongoze kwanza siku kadhaa akiwa amekaa kwako anaangalia. Na ile fimbo iondoke, isiwekwe hata juu ya kabati. Anasema ni ya kuonyesha, lakini mtoto anayeitazama fimbo hajatulia, ameganda. Mwambie pia, kwa upole, kwamba hata kanuni za mwaka 2002 zinazoruhusu viboko shuleni zinampa madaraka hayo mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Msaidizi wa chekechea hayumo.

Mkishakaa, fanyeni mambo manne, yasizidi dakika kumi au kumi na mbili.

La kwanza ni salamu. Tengeneza mpira mdogo wa matambara, uwe laini na mzito kidogo. Anayeushika anasema jina la jirani yake, "Habari ya asubuhi," na jina, anampa. Unazunguka watoto 19 kwa dakika tatu hivi. Kila mmoja ametajwa jina, kila mmoja ameguswa na zamu, hakuna aliyelazimika kutoa hotuba. Asiyetaka kusema anaupokea na kuupitisha tu. Kama mna sala, iwe fupi, na iwe ya kushukuru ambayo mtoto wa Kikristo na wa Kiislamu wote wanaweza kuitikia.

La pili ni pumzi. Waambie wakunje viganja viwe kikombe cha uji wa moto. Wanuse uji, polepole, kwa pua. Kisha waupooze, kwa midomo, taratibu usimwagike. Tena. Mara tatu, nne, inatosha. Huu siyo mchezo tu. Pumzi ndefu ya kutoa hupunguza kasi ya mapigo ya moyo, kwa mtoto na kwa mtu mzima vilevile, na hapo nakushauri na wewe uufanye kweli, usiwaongoze tu. Watoto wanaangalia mabega yako. Ukiwa umeyapandisha wanayapandisha.

La tatu ni kitu kimoja tu cha kuangalia au kusikiliza. Leo kokwa la parachichi, kesho unyoya wa kuku, keshokutwa jiwe jeusi lenye vitundu kutoka mtoni. Linapita mikononi, wanalishika, wanalinusa. Usiulize maswali ya mtihani. Siku nyingine iwe kitendawili kimoja, au hadithi fupi inayoanza kwa "Hadithi, hadithi!" nao wakaitikia "Hadithi njoo!" Hiyo ya mwisho inavuta hata waliosinzia.

La nne ni kuondoka, na hapa wengi ndipo wanapoharibu kila kitu walichokijenga. Mwalimu anasema "Haya, nendeni!" na watoto 38 wanainuka pamoja. Utulivu wote umekwisha kwa sekunde moja. Fanya alivyofanya Maria Montessori, yule daktari wa Kiitaliano aliyefungua nyumba ya watoto kwenye mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma, tarehe 6 Januari 1907. Siku moja aliingia darasani amebeba mtoto mchanga wa miezi minne, akawaonyesha alivyotulia, akawaambia hata pumzi yake haisikiki. Wale watoto, waliokuwa watoto wa vibarua, wakajizuia mpaka chumba kikawa kimya kabisa. Baadaye akawa anasimama chumba cha pili na kuwaita mmoja mmoja kwa kunong'ona, na aliyesikia jina lake anainuka bila kugusa kiti. Wewe huna chumba cha pili, lakini mlango unao. Simama hapo, nong'ona jina. Anayeitwa anatembea kwa vidole hadi mezani kwake. Watatega masikio hata wale uliozoea kuwaita mara tano, maana kila mtoto anasubiri kusikia jina lake likisemwa taratibu. Na koo lako litapumzika.

Gari la pili litawakuta katikati, na hilo hutalizuia. Acha nafasi ya wazi kwenye mduara upande wa mlangoni. Mtoto akiingia asisalimie kwa sauti, na darasa lisiitikie kwa pamoja. Wewe mpungie mkono, mpigapige mkeka, anakaa. Usianze upya kwa ajili yake. Jina lake utalisema utakapomwita kwa kunong'ona.

Yule asiyekaa mwache asikae. Najua inaonekana unashindwa mbele ya wenzake, lakini watoto wengine hawashangai kama wewe hushangai. Mpe mahali pake: kiti karibu na dirisha, au hiyo chini ya meza anayoipenda, mradi asimguse mtu na asipige kelele. Mpe na kazi, awe ndiye anayetikisa kakengele, au anayeleta jiwe la siku. Mpira ukifika upande wake, mtaje jina, upitishe. Wapo watoto ambao miili yao inataka kutembea ndipo masikio yasikie, na huyo usishangae wiki zijazo akarudia hadithi uliyosimulia wakati anazunguka. Ila mchunguze. Ukimwita kwa nyuma anageuka? Anakutazama machoni? Anacheza na wenzake saa ya mapumziko? Kama majibu mengi ni hapana, zungumza na wazazi bila kuwatisha, wampeleke kliniki wapime masikio kwanza. Mtoto mwenye usaha wa sikio wa muda mrefu anaonekana mtukutu mpaka siku atakapotibiwa.

Huyu anayelia ndiye ninayemfikiria zaidi, na wa kuzungumza naye ni mama yake.

Mama anayetoroka getini hafanyi ubaya kwa makusudi. Anaona akiaga mtoto atalia, basi anaondoka asionekane ili kilio kipungue. Kinachotokea ni kinyume chake. Mtoto amegeuza shingo kumwangalia paka, akirudisha macho mama hayupo. Amejifunza jambo moja: nikiacha kumwangalia mama, anapotea. Kesho yake atamshika kanga kwa mikono miwili tangu wako barabarani, hataangalia paka wala mchanga wala wenzake. Na mkekani hawezi kusikiliza chochote kwa sababu kazi yake yote ni kulinda mlango.

Mwite mama huyo, umweleze hivyo hivyo. Kisha mkubaliane aage. Aingie naye mpaka mlango wa darasa, ainame, amwambie kwa maneno mafupi: "Mama anaenda kazini, nitakuja kukuchukua ukishakula." Mtoto wa miaka minne hajui saa nane ni lini, lakini anajua kula. Amkumbatie mara moja, akukabidhi wewe mkono wa mtoto, aondoke bila kurudi nyuma. Atalia, tena siku mbili tatu za kwanza atalia zaidi. Akae humo humo kwenye kumbatio lako au la dada, usimwambie nyamaza, usimwambie mama anakuja sasa hivi wakati haji. Mwambie ukweli: "Unamtaka mama. Mama atakuja ukishakula." Kama mama anaweza, amwachie kitu chake kidogo, leso au kipande cha kanga yake, akae nacho mkekani. Na mama atimize: akisema ukishakula, aje ukishakula. Akichelewa siku moja katika wiki hizi za mwanzo, mnaanza upya. Kama mtoto anarudi kwa gari la shule, basi aseme gari litamleta na yeye atakuwa kituoni. Wale watatu wanne wanaolia kwa kumfuata watapungua wenyewe huyu akishatulia.

Kuhusu meneja, usiende kujitetea asubuhi wakati magari yanashusha. Nenda mchana, yakishaondoka, ukiwa na mambo machache mkononi. Mweleze kwamba mtaala mpya wa elimu ya awali ulioanza kutumika mwaka 2024 unataka watoto hawa wajifunze kwa michezo, na kwamba kuhusiana na kuwasiliana ni umahiri uliotajwa kwenye mtaala tangu ule wa mwaka 2016, sawasawa na dhana za awali za hisabati. Shule yake inakaguliwa kwa hayo. Usimwambie hajui elimu. Yeye anaogopa kupoteza wazazi, na hofu hiyo ni ya kweli, mshahara wako unatoka hapo.

Mwahidi mduara hautazidi dakika kumi na mbili, na ushike ahadi hiyo hata siku ambayo umenoga. Mwombe aje akae kwenye mkeka, siyo asimame dirishani, aushike mpira wa matambara na jina lake litajwe na watoto. Baada ya hapo akae aone watoto wanavyokwenda mezani na daftari linavyofunguliwa. Siku za sasa unapoteza mpaka saa tatu kuwatuliza. Daftari la mtoto aliyeanza kuandika saa mbili na nusu akiwa ametulia litakuwa na kazi nyingi kuliko la aliyepewa penseli akiwa analia, na hilo mzazi ataliona.

Kisha mwombe vitu vitatu tu: chekechea waondolewe kwenye paredi isipokuwa Jumatatu, nusu kikombe cha uji kwa watoto wa gari la kwanza, na ukaguzi wa kucha uwe mikononi mwako. Akikubali viwili, anza na hivyo viwili. Kama atakataa vyote, mduara wa dakika kumi na mbili bado unaweza kuufanya, kwa sababu huo hauhitaji ruhusa ya jikoni wala ya uwanjani. Anza Jumatatu ijayo na kundi lako la 19, la dada lifuate wiki inayofuata akishajua namna.